Akiba Iwezayo Kuoza: Maji Matamu Yaliyo Chini ya Pwani

Kusini ya mji wa Malindi, ndani ya msitu wa miti mikubwa, yako magofu ya mji wa kale uitwao Gedi. Mji huo ulikuwa wa watu wenye mali. Ulizungukwa na kuta mbili, na eneo lililo ndani ya ukuta wa nje ni kama ekari 45. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Misikiti ilikuwamo, na jumba la mfalme, na makaburi yenye nguzo. Mtaalamu James Kirkman, aliyeanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, alikuta humo vyombo vilivyotoka hata Uchina. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Lakini mapema katika karne ya 17 mji huu wote ulihamwa, na msitu ukaufunika. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja. Kwanza, vita vilivyoipiga pwani mwishoni mwa karne ya 16. Pili, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Na sababu ya tatu ni maji. Kando ya Msikiti Mkuu wa Gedi kiko kisima ambacho, baada ya kuchimbwa mara ya kwanza, kilichimbwa tena kwenda chini zaidi. Mtu hachimbi mwamba kwa mikono mara ya pili ila ana haja kubwa. Kisima hicho ni dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka, na watu wakiyafuata.

Adui akifika langoni huonekana, na mbiu ya mgambo hupigwa. Maji yakipungua chini ya ardhi hakuna apigaye mbiu. Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu, wa mjini na wa shamba, ajue maji haya hukaaje, huingiaje, na huharibikaje.

MAJI HUKAAJE CHINI YA ARDHI

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mto upitao gizani, au ziwa kubwa lililofunikwa na mwamba. Mahali pachache ni hivyo, lakini aghalabu si hivyo. Maji hukaa katika nafasi ndogo zilizo baina ya chembe na chembe za mchanga, na katika nyufa na vitundu vya mawe.

Jambo hili laweza kuonwa kwa macho nyumbani. Mtu achukue bilauri, aijaze mchanga mkavu mpaka karibu na ukingo, kisha amimine maji kidogo kidogo. Maji yatapotea, lakini hayakwenda popote. Yamekaa baina ya chembe za mchanga, na kwa upande wa bilauri ataona mstari ambapo mchanga mkavu unakwisha na mchanga uliolowa unaanza. Sasa achimbe shimo kwa kidole katikati, hata apite mstari ule. Maji yatakusanyika ndani ya shimo. Hicho ndicho kisima. Kisima hakifanyi maji. Ni dirisha tu la kuyafikia yaliyokuwako.

Kisha ayachote kwa kijiko maji ya shimo lile. Yatajaa tena, kwa sababu maji ya pembeni huja kushika nafasi ya yale yaliyotolewa. Lakini akizidi kuchota, mstari ule utashuka katika bilauri nzima, wala si katika shimo lake peke yake. Kama kungalikuwa na shimo la pili upande wa pili, nalo lingalikauka, ijapokuwa hakuna aliyelichota. Hapa pana fundisho la kwanza: visima viwili vya majirani wawili vyaweza kuwa na maji yale yale mamoja.

Maji hayo yote asili yake ni mvua. Mvua ikinyesha, sehemu moja hutiririka juu ya nchi hadi mito na bahari. Sehemu nyingine hurudi hewani kwa jua na kwa majani ya miti na mimea. Na sehemu iliyobaki, ambayo mara nyingi ndiyo ndogo, huzama chini. Mwendo wake huko chini ni wa taratibu sana. Katika mchanga mwembamba maji huenda polepole kuliko konokono. Kwa hiyo maji yaliyovutwa kwa siku moja yaweza kuhitaji misimu mingi ya mvua ndipo yarudi.

Mfano wake ni ghala ya nafaka. Mkulima avunaye magunia 10 kwa mwaka, akala 8, ghala yake itaongezeka. Akila 12, ghala haitakwisha mwaka ule ule, kwani yako magunia ya zamani. Ataendelea kula kwa furaha mwaka wa pili na wa tatu, akidhani mambo ni mazuri, mpaka siku moja ataingiza mkono na kugusa sakafu.

MAJI MATAMU HUELEA JUU YA MAJI YA CHUMVI

Methali husema kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini maji yaliyo chini ya pwani ni akiba iwezayo kuoza, na sababu yake ni bahari.

Maji ya bahari hayakomei ufukoni. Hupenya ndani ya mchanga na matumbawe, yakaenda chini ya nchi kavu. Juu yake hukaa maji matamu ya mvua. Maji haya mawili hayachanganyiki upesi, kwa kuwa uzito wake si mmoja: lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000, na lita moja ya maji ya bahari ni gramu 1,025 hivi. Basi mepesi huelea juu ya mazito, kama vile mafuta ya nazi yaeleavyo juu ya mchuzi.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben na Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kipimo cha jambo hili. Mahali maji matamu yanapopanda mita 1 juu ya usawa wa bahari, hapo hushuka kama mita 40 chini ya usawa huo kabla ya kufika maji ya chumvi. Yaani sehemu ya juu ni ndogo, na sehemu kubwa imezama.

Mabaharia watalielewa jambo hili bila shida. Jahazi lililopakiwa shehena huzama sana, na sehemu inayoonekana ni ndogo. Shehena ikipakuliwa, jahazi zima huinuka. Vivyo hivyo na maji matamu. Watu wakiyavuta hata uso wake ukashuka mita 1, haipotei mita 1 tu. Baada ya muda maji ya chumvi huinuka kutoka chini kwa mita 40 hivi. Aliye juu huona hasara ndogo, na hasara kubwa inatendeka asikoona.

KISIMA KIKIVUTWA KUPITA KIASI

Zamani maji yalitolewa kwa ndoo na kamba. Mkono huchoka, na kuchoka kwake kulikuwa ulinzi wa kisima. Mashine ya kuvutia maji haichoki. Mtu akiiwasha asubuhi na kuizima jioni, maji ya pande zote hukimbilia kisima kile, na chini yake maji ya chumvi huinuka katika umbo la kichuguu, ncha yake ikielekea mdomo wa bomba. Siku ncha hiyo ifikapo, kisima kimeharibika.

Wala haihitaji chumvi nyingi. Vikombe 2 vya maji ya bahari vikitiwa katika vikombe 98 vya maji matamu, ladha hugeuka. Dalili za kwanza ni ndogo: chai haina ladha yake, sabuni haitoi povu zuri, majani ya mboga huungua kingoni baada ya kumwagiliwa. Mwenye kisima akiziona dalili hizi, aghalabu hufanya kosa la pili. Huita mafundi wachimbe zaidi. Mahali pa mbali na bahari kuchimba zaidi kwaweza kusaidia kwa muda. Lakini karibu na bahari kuchimba zaidi ni kuisogelea chumvi yenyewe. Yampasa kupunguza kuvuta, si kuongeza kina.

Na maji ya chumvi yakishaingia, hayatoki kwa urahisi. Hupasa mvua za miaka mingi kuyasukuma yarudi chini. Kisima kilichokauka hungoja masika; kisima kilichoingiwa na chumvi chaweza kungoja mpaka mtoto wa leo awe mtu mzima.

WATU WA TAKWA NA MCHANGA WA SHELA

Mambo haya si ya kitabuni tu. Katika Kaunti ya Lamu, juu ya kisiwa cha Manda, uko mji mwingine uliohamwa, nao ni Takwa. Ulistawi katika karne ya 16, ukaachwa katika karne ya 17. Kisiwa cha Manda kina shida kubwa ya maji matamu, na upungufu wa maji ni moja ya sababu zitajwazo za kuhamwa kwa mji huo. Wenyeji wa Shela, katika kisiwa cha Lamu, husimulia kwamba wazee wao walitoka Takwa. Hata katika siku hizi hurudi huko kuzuru kaburi kubwa lenye nguzo na kuomba mvua.

Huko Shela walikohamia kuna kitu ambacho Manda haikuwa nacho cha kutosha, yaani milima ya mchanga. Mgeni aionapo hudhani ni nchi isiyofaa kwa lolote: haina shamba, haina kivuli. Kumbe milima hiyo ndiyo mtungi wa mji wa Lamu. Mvua ikinyesha juu yake haitiririki kwenda baharini, bali hunywewa mara moja na mchanga. Maji hushuka taratibu, huchujwa, na hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Kutoka visima vya Shela maji hupelekwa kwa bomba hadi mji wa Lamu, ambao uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Mchanga huo umewekwa chini ya hifadhi. Hata hivyo miaka ya karibuni umekuwa na mashindano makubwa. Wako wautakao kwa viwanja, kwa kuwa mahali pale ni pazuri na bahari huonekana. Wako wachukuao mchanga wa kujengea. Yampasa msomaji afikiri hasara tatu za nyumba moja iliyojengwa juu ya mchanga huo. Kwanza, paa na sakafu ya saruji huizuia mvua isizame. Pili, nyumba huchimba kisima chake na kuvuta maji yale yale ya mji. Tatu, maji machafu ya chooni huzama katika mchanga ule ule. Nyumba moja haiwezi kuukausha mji. Lakini kila ajengaye husema kwamba yake ni moja tu.

Wazee wa visiwa hivyo walijua kwamba kisima peke yake hakitoshi. Walijenga mabirika, na majabia ya kukinga mvua, wakatumia maji hayo kabla ya kugusa yaliyo chini. Desturi hiyo haikuwa ya umaskini. Ilikuwa ya hesabu.

BARA NAKO

Mtu wa bara asidhani kwamba habari hii haimhusu kwa kuwa hana bahari. Mji wa Nairobi ulipewa jina lake na Wamasai kwa ajili ya maji baridi. Chini yake kuna maji yaliyo katika miamba ya volkeno, ambayo asili yake ni mvua inyeshayo katika nchi ya juu upande wa magharibi, kisha husafiri polepole kuelekea mashariki. Visima virefu vya mashine vilianza kuchimbwa huko katika miaka ya 1920. Mwaka 1953 eneo hilo lilitangazwa kuwa la kuhifadhiwa, maana hata wakati ule ilionekana kwamba wachotaji ni wengi. Tangu hapo visima vimekuwa maelfu, na katika sehemu nyingi maji yameshuka makumi ya mita. Visima hufuata maji, na mwenye fedha chache huachwa nyuma, kwani kila mita ya kuchimba na kuvuta ina gharama yake. Tena maji ya kina kirefu huko mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo ikizidi huwatia watoto madoa ya kahawia katika meno.

Na Mombasa? Maji ya chemchemi za Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 hupelekwa huko kwa bomba refu lizidilo kilomita 200, ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika majivu ya volkeno, ikatokea chini penye chemchemi. Basi mchomaji wa msitu wa Chyulu na mwosha vyombo wa Mombasa wameunganishwa na maji mamoja, ijapokuwa hawajapata kuonana.

Kwa sababu hii sheria za Kenya hazimfanyi mwenye shamba kuwa mwenye maji yaliyo chini ya shamba lake. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba maji yote yako katika mikono ya Serikali kama amana kwa ajili ya watu. Atakaye kuchimba kisima kirefu hupaswa kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Watu wengine hukiona kibali kuwa usumbufu. Lakini mtu akikumbuka bilauri na mashimo yake mawili, atafahamu kwamba kibali cha jirani ni ulinzi wa kisima chake yeye.

YAPASAYO KUFANYWA

1. Kupima kisima. Mtu afunge jiwe katika kamba yenye mafundo, fundo moja kila nusu mita, aishushe kisimani mara moja kila mwezi, asubuhi kabla maji hayajachotwa, na kuandika hesabu katika daftari. Baada ya mwaka mmoja atajua kama akiba yake yapanda au yashuka. Asiyepima hajui, na asiyejua hushtuka siku ya mwisho.

2. Kuvuta kidogo kidogo. Karibu na bahari ni afadhali visima vingi vifupi vinavyovutwa kwa zamu kuliko kisima kimoja kirefu kinachovutwa mchana kutwa.

3. Kukinga mvua. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la mita 10 kwa mita 5, likipata mvua ya milimita 20, laweza kutoa karibu lita 1,000, ndiyo madebe 50 ya lita 20, kwa mvua ya usiku mmoja.

4. Kuziba uvujaji. Bomba lidondokalo tone moja kila sekunde hupoteza lita 4 na zaidi kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya lita 1,500. Kipande cha mpira cha bei ndogo huweza kuziokoa.

5. Kuacha nafasi ya mvua kuzama. Ua wote usitiwe saruji. Miti, majani na matuta ya kukinga maji shambani huipa mvua muda wa kuingia ardhini.

6. Kutenga choo na kisima. Umbali usipungue mita 30, na penye mwamba wa matumbawe uzidi, kwa sababu uchafu hupita upesi katika vitundu vyake.

7. Kulinda mahali maji yanapoingilia. Vilima, misitu na milima ya mchanga si nchi iliyoachwa bure. Iko kazini kila inyeshapo mvua. Viwanja vikigawiwa mahali hapo, ni haki ya wenyeji kuuliza barazani mji utakunywa nini.

Kanuni hizi si ngumu, na nyingi hazina gharama. Ugumu wake ni kwamba mtu mmoja akizishika peke yake, na majirani wakazipuuza, atapata hasara pamoja nao. Kwa hiyo ni jambo la kijiji kizima na mtaa mzima: kukubaliana saa za kuvuta, kuteua mtu wa kupima, na kumwonya apitaye kiasi, hata akiwa tajiri.

Watu wa Gedi hawakuwa wajinga. Walijenga kuta na misikiti ambayo mawe yake yasimama hata leo, na maji yaliposhuka walichimba wakayafuata kwa kadiri walivyoweza. Watu wa Takwa walipata mahali pengine pa kwenda, kwa kuwa ng'ambo ya mlango wa bahari kulikuwa na mchanga wenye maji na nafasi ya watu. Leo ng'ambo hiyo imejaa. Wazee wa Shela wanaporudi Takwa kuomba mvua wanafanya jambo jema, kwani mvua hutoka kwa Mungu. Lakini kuipokea inyeshapo, na kuitunza isioze, ni kazi aliyowaachia watu.